Kuhifadhi Violezo vya Traki kwa Skripti Ndani ya REAPER

Kurekodi kwaya ni kazi yenye maandalizi yanayojirudia sana. Kabla mwimbaji wa kwanza hajafungua kinywa, prodyuza ameshaongeza traki (mikondo ya kurekodia, kila sauti na wake) za sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, amezipa majina na rangi, ameiambia kila traki isikilize maikrofoni ipi, ameweka ikwalaiza (ya kurekebisha masafa ya sauti) na kompresa (ya kubana tofauti za nguvu ya sauti), kisha amefungua traki ya mwangwi na kuelekeza sauti zote nne huko. Wiki inayofuata inakuja kwaya nyingine, na kazi hiyo yote inaanza upya. Programu nyingi za kurekodi zimeweka njia ya kuepuka marudio haya, nayo ni kiolezo cha traki: mpangilio wa traki moja au kundi la traki unaohifadhiwa kama faili, kisha ukaitwa ndani ya mradi wowote unapohitajika.

Pamoja na hayo, katika studio nyingi ndogo violezo vipo lakini havitumiki, na naamini sababu ni wakati vinapotengenezwa. Mara nyingi mtu hutafuta siku isiyo na wateja, akafungua mradi mtupu, akaanza kukisia kwaya itakayokuja itahitaji nini. Kiolezo cha namna hiyo kimejaa makisio, na siku ya kazi prodyuza hujikuta akibadilisha karibu kila kitu. Kiolezo kinachofaa ni kile kinachotolewa kwenye miksi (mchanganyiko wa sauti zote) iliyokwisha kukubaliwa, ambamo ikwalaiza imeshapunguza masafa yanayovuma ndani ya chumba kile kile, mwangwi umeshapimwa kwa sauti za watu halisi, na mpangilio wa makundi umeshathibitika kwamba unarahisisha kazi. Ugumu ni kwamba mwisho wa kazi ndipo traki zinapokuwa zimebeba mengi yasiyotakiwa: vipande vya sauti vilivyorekodiwa, otomesheni ya volyumu (mabadiliko yanayojiendesha yenyewe) iliyofuata mashairi ya wimbo mmoja tu, na njia za kupeleka sauti kwenye traki ambazo hazitakuwepo katika mradi mwingine. Kuyaondoa kwa mkono kunachukua muda, na ndiyo saa ambayo mteja anasubiri faili lake. Kazi hiyo ya kusafisha na kuhifadhi ndiyo ninayopenda kuikabidhi kwa skripti, yaani programu fupi ya maagizo unayoiandika mwenyewe.

Nitaeleza kwa mfano wa REAPER, programu ya kampuni ya Cockos iliyoanzishwa na Justin Frankel, mtu yule yule aliyetengeneza Winamp. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60 za Marekani, na unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 bila kufungiwa sehemu yoyote, jambo ambalo limeifanya ipendwe na studio zenye mtaji mdogo. Kwa mada yetu ina sifa mbili muhimu zaidi ya bei. Kwanza, miradi na violezo vyake ni mafaili ya maandishi ya kawaida, yanayosomeka bila kifaa maalumu. Pili, imejengewa mfumo wa skripti unaoitwa ReaScript, unaokubali lugha tatu, yaani Lua, EEL na Python. Lua na EEL zimo ndani ya programu yenyewe, wakati Python unapaswa kuisakinisha mwenyewe. Mimi hutumia Lua, kwa sababu skripti niliyoiandika kwenye kompyuta moja inafanya kazi kwenye nyingine bila maandalizi yoyote.

Ni haki kuanza na njia isiyo na skripti. Ukichagua traki unazozitaka na kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu itakupa nafasi ya kuzihifadhi kama kiolezo, na dirisha litakalofunguka litakuuliza kama vipande vya sauti na otomesheni vijumuishwe au viachwe. Faili litawekwa katika folda ya TrackTemplates, iliyo ndani ya folda kuu ya mipangilio ya REAPER, likiwa na kiambishi cha .RTrackTemplate. Ukitengeneza folda ndogo humo ndani, zitajitokeza kama menyu ndogo wakati wa kuchagua kiolezo. Mtu mwenye violezo viwili au vitatu ambavyo havibadiliki hahitaji zaidi ya hapo. Anayehitaji skripti ni yule anayehifadhi mara kwa mara, anayetaka majina yafuate utaratibu mmoja, na anayetaka baadhi ya mambo yabaki na mengine yarudi mwanzo, kwa sababu dirisha lile halina chaguo la mambo hayo.

Fungua faili la kiolezo kwa kihariri chochote cha maandishi, hata Notepad ya Windows, nawe utaona jinsi lilivyojengwa. Kila traki ni fungu linaloanza kwa alama ya < ikifuatiwa na neno TRACK, na linaisha kwa alama ya > iliyo peke yake kwenye mstari. Katikati kuna mistari inayoanza kwa neno moja la herufi kubwa na kufuatiwa na thamani zake. NAME hubeba jina la traki, na PEAKCOL hubeba rangi yake. VOLPAN hubeba kiwango cha fada (kitelezi cha volyumu ya traki) na upande ambao sauti imeelekezwa, na namba yake ya kwanza haiko katika desibeli bali ni kizidishi: 1 maana yake fada iko kwenye desibeli 0, na 0.5 ni punguzo la takriban desibeli 6. REC inaeleza mambo ya kurekodi, na namba yake ya pili ndiyo ingizo la kadi ya sauti, likihesabiwa kuanzia sifuri, hivyo maikrofoni iliyochomekwa kwenye tundu la kwanza huandikwa 0. Plagini zote, yaani programu ndogo za kuchakata sauti kama ikwalaiza na kompresa, zimo ndani ya fungu dogo liitwalo FXCHAIN, na mipangilio ya plagini nyingi imeandikwa kwa base64, yaani mistari mirefu ya herufi na tarakimu isiyosomeka kwa macho. Vipande vya sauti vimo katika mafungu ya ITEM, na otomesheni ya fada imo katika VOLENV2. Ukishayatambua majina haya, umeshajua kwa sehemu kubwa skripti itafanya nini.

Skripti yenyewe huanza kwa kuuliza kama kuna traki zilizochaguliwa, kwa kutumia amri ya ReaScript iitwayo CountSelectedTracks, na kama hakuna inaonyesha ujumbe na kusimama. Kisha inapita traki moja baada ya nyingine kwa GetSelectedTrack, na kwa kila moja inaita GetTrackStateChunk, ambayo inarudisha maandishi yale yale tuliyoyaona ndani ya faili. Jambo hili lina faida ambayo wengi hawaifikirii: skripti inasoma nakala ya maandishi tu, na mradi haubadiliki hata kidogo. Kusafisha kwa mkono kungekulazimu kufuta vipande vya sauti katika mradi uliokwisha kamilika na kutegemea kwamba utakumbuka kuvirudisha kabla ya kuhifadhi. Kwa skripti, miksi ya mteja haiguswi.

Usafishaji unataka uangalifu, kwa sababu mafungu yamo ndani ya mafungu mengine. Fungu la ITEM lina fungu la SOURCE ndani yake, na linaweza kuwa na mengine zaidi, kwa hiyo mtu akisema "futa kuanzia ITEM hadi alama ya > ya kwanza" atakuwa amekata fungu katikati na kuacha faili lenye kasoro. Wala haifai kutumia utafutaji wa Lua unaolinganisha < na > popote zilipo katika maandishi, kwa kuwa jina la traki au jina la faili la sauti linaweza kubeba alama hizo. Njia iliyo salama ni kusoma mstari kwa mstari na kushika hesabu ya kina: mstari ukianza kwa < hesabu inaongezeka kwa moja, na mstari ukianza kwa > inapungua kwa moja. Skripti ikikutana na mwanzo wa ITEM, inakumbuka kina cha wakati huo, inaacha kuandika, na inaanza tena pale hesabu inaporudi kwenye kina hicho. Mtu anaweza kuhofia kwamba ile mistari ya base64 ya plagini itavuruga hesabu. Haitaivuruga, kwa sababu base64 hutumia herufi, tarakimu, alama ya kujumlisha, mkwaju na alama ya usawa tu. Hakuna mstari wake unaoweza kuanza kwa < wala >. Utaratibu huo huo unaondoa VOLENV2 na mafungu mengine ya otomesheni, ikiwemo PARMENV ambayo hukaa ndani ya FXCHAIN na kubeba otomesheni ya vitufe vya plagini.

Njia za kupeleka sauti ndizo zinazotatiza zaidi. REAPER haiandiki njia hiyo kwenye traki inayopeleka, bali kwenye traki inayopokea, katika mstari wa AUXRECV ambao namba yake ya kwanza ni nafasi ya traki inayopeleka, ikihesabiwa kuanzia sifuri. Chukua mradi ambamo sauti ya kwanza ni traki ya tisa. Traki ya mwangwi itakuwa na mstari wa AUXRECV wenye namba 8. Ndani ya kiolezo, namba hiyo inapaswa kuhesabiwa kwa mpangilio wa traki za kiolezo chenyewe, na kama sauti ya kwanza ndiyo inayotangulia, inapaswa kuwa 0. Skripti ikiacha 8 ilivyo, njia itapotea au itaunganishwa na traki isiyohusika. Kwa hiyo, kabla ya kusafisha, skripti inatengeneza jedwali linaloonyesha kila traki iliyochaguliwa ilikuwa nafasi gani katika mradi na itakuwa nafasi gani katika kiolezo. Nafasi ya zamani inapatikana kwa kuuliza IP_TRACKNUMBER, ambayo huhesabu kuanzia moja, hivyo ni lazima kutoa moja ili ilingane na hesabu ya AUXRECV. Kila mstari wa AUXRECV unatazamwa kwenye jedwali: ukiwa unatoka kwenye traki iliyochaguliwa unabadilishiwa namba, na ukiwa unatoka kwenye traki iliyoachwa nje unafutwa.

Makundi nayo yanahitaji ukaguzi. Traki iliyo mzazi wa kundi ina mstari wa ISBUS wenye namba 1 na 1, na traki ya mwisho ndani ya kundi ina 2 na -1, yaani namba ya pili inasema kina cha kundi kinaongezeka au kinapungua kwa kiasi gani. Mtu akichagua mzazi na sauti tatu za kwanza, akaacha besi ambayo ndiyo inayofunga kundi, kiolezo kitakuwa na kundi lisilofungwa, na kikiingizwa katikati ya mradi kinaweza kumeza traki zinazofuata. Naona si vyema skripti ijaribu kurekebisha hilo kwa kubahatisha. Skripti yangu inajumlisha namba hizo za pili, na jumla isipokuwa sifuri inamwambia mtumiaji kwamba hajachagua kundi zima, kisha inasimama bila kuandika faili.

Baada ya hapo yanabaki maamuzi ambayo si ya kompyuta bali ya mtu anayemiksi, na ndiyo yanayofanya kiolezo cha studio moja kitofautiane na cha nyingine. Kiwango cha fada ni mali ya wimbo, si ya kwaya wala ya chumba, kwa hiyo narudisha namba ya kwanza ya VOLPAN kuwa 1. Upande wa sauti nauacha ulivyo, kwa sababu waimbaji wa sauti ya kwanza husimama pale pale wiki hadi wiki na msikilizaji hutarajia kuwasikia hapo. Ikwalaiza naiacha, kwani sehemu kubwa yake inashughulikia chumba na maikrofoni. Kompresa ni suala gumu zaidi: kizingiti chake, yaani kiwango ambacho inaanza kubana sauti, kinategemea sauti iliingia kwa nguvu kiasi gani, na kwaya ya watu kumi haina nguvu ya kwaya ya watu arobaini. Bado naiacha, lakini ninarekodi siku zote nikilenga kiwango kile kile cha kuingia, ili kizingiti kilichohifadhiwa kiwe karibu na kinachotakiwa, na kila ninapoita kiolezo ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama.

Ingizo la kadi ya sauti linategemea mahali. Kama kiolezo kitatumika studio hiyo hiyo yenye kadi hiyo hiyo, kubaki na namba za REC ni msaada mkubwa, maana maikrofoni ya besi itaenda yenyewe kwenye traki ya besi. Kiolezo hicho kikipelekwa kwenye kompyuta yenye kadi ya maingizo mawili, traki inayosubiri ingizo la sita haitapokea chochote. Kwa hiyo skripti inauliza swali moja la ziada, kwamba kiolezo ni cha hapa au cha kusafiri, na kikiwa cha kusafiri inarudisha maingizo yote kuwa 0.

Jina linaulizwa kwa kidirisha cha GetUserInputs. Skripti inaondoa mikwaju, nukta pacha na alama nyingine ambazo Windows haizikubali katika majina ya mafaili, inaongeza tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku ili mafaili yajipange yenyewe, kisha inatafuta folda kuu kwa GetResourcePath na kutengeneza folda ndogo kwa RecursiveCreateDirectory kama haipo. Nasisitiza kwamba isiandike juu ya faili lililopo. Faili la kiolezo cha traki chache ni dogo sana, na kuwa na matoleo kadhaa ya kiolezo kimoja kunakuwezesha kurudi kwenye mpangilio wa mwezi uliopita pale mpya usipokufaa. Skripti ikikamilika, inaingizwa katika orodha ya vitendo, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza alama ya kuuliza kwenye kibodi, na hapo inapewa kitufe chake cha mkato. Kuanzia hapo, kuhifadhi kiolezo mwishoni mwa kazi ni kuchagua traki, kubonyeza kitufe na kuandika jina.

Asiyetaka kuandika msimbo anaweza kutumia SWS, nyongeza ya bure ya REAPER, ambayo ina dirisha la Resources lenye nafasi za violezo na kitufe cha kuhifadhi traki zilizochaguliwa moja kwa moja. Ni kifaa kizuri, na kwa wengi kinatosha, ingawa hakiwezi kujua kwamba wewe unataka fada zirudi kwenye desibeli 0 na upande wa sauti ubaki.

Kwa wanaotumia programu zisizo na skripti za ndani, kuna vifaa vya kuendesha kompyuta kutoka nje, kama AutoHotkey kwa Windows na Keyboard Maestro kwa Mac. Hivi huiga mkono wa mtu: hubonyeza vitufe, hufungua menyu, husubiri dirisha na kuandika jina. Vinaokoa muda, lakini vinategemea dirisha lifunguke kwa wakati na menyu ibaki pale ilipokuwa, hivyo toleo jipya la programu linaweza kuvisimamisha ghafla. Tena haviwezi kusafisha kilicho ndani ya faili. Ninavipendekeza kwa kazi fupi zenye hatua chache, na kwa mtu aliye tayari kuvikagua kila programu inaposasishwa.

Kuita kiolezo ni rahisi kuliko kukihifadhi. Main_openProject, ambayo kwa kawaida hufungua mradi, ikipewa njia ya faili la .RTrackTemplate huongeza traki zake ndani ya mradi uliopo bila kuufunga. Kwa mstari mmoja wa Lua kwa kila kiolezo, unaweza kuwa na kitufe cha kwaya, kitufe cha kinanda na kitufe cha msimulizi wa kipindi cha redio. Ukipenda, skripti moja inaweza kusoma folda nzima ya TrackTemplates na kuchukua faili jipya zaidi la kila aina kwa kuangalia tarehe iliyo kwenye jina, na hapo ndipo ule utaratibu wa majina unapoonyesha faida yake.

Kabla ya kumpa mwenzako kiolezo, tazama plagini zilizomo. Kama kompyuta yake haina plagini uliyonunua wewe, REAPER itaonyesha kwamba plagini hiyo haipatikani, na traki itasikika bila kazi yake. Kwa violezo vya kusafiri nashauri kutumia plagini zinazokuja na REAPER yenyewe, kama ReaEQ, ReaComp na ReaGate, ambazo sura yake ni ya kawaida lakini kazi yake ni ya kutegemewa. Skripti inaweza kusaidia hapa pia, kwa kusoma majina ya plagini ndani ya FXCHAIN na kukuorodheshea yale yasiyoanza na Rea, ili uamue mwenyewe kabla ya kutuma.

Mwisho, kila kiolezo kipya kijaribiwe siku hiyo hiyo kilipohifadhiwa. Fungua mradi mtupu, kiite, kisha buruta rekodi moja ya sauti ya kwanza kutoka kwenye mradi uliomaliza na uiweke kwenye traki yake. Mwangwi usikike, sauti itoke upande uleule, na taa za kompresa ziwake kama zilivyokuwa zikiwaka kwenye mradi ule. Kisha rudia jaribio ukiwa na mradi ambao tayari una traki kadhaa, kwa sababu baadhi ya makosa ya namba za AUXRECV na ya makundi hayaonekani kwenye mradi mtupu. Folda nzima ya TrackTemplates, pamoja na folda ya Scripts iliyo jirani yake, inakiliwe kwenye diski nyingine mara kwa mara.